Lukoba ya Pili

Jumanne ile, kati ya saa nane na saa kumi za mchana, Zilpah Osundwa alifanya jambo alilokuwa amemwahidi babake kwamba hatalifanya. Hakuna aliyemlazimisha. Alikaa peke yake katika darasa la chuo cha kompyuta alikofanya kazi, ghorofani juu ya duka la mbolea mjini Kakamega, akafuta kwenye programu yake kila mstari uliozifanya herufi za kibodi kumtii mchezaji. Alipomaliza aliujaribu mchezo. Ulikwenda vizuri kuliko siku zote, haukukwama hata mara moja.

Mchezo wenyewe uliitwa Lukoba, kwa jina la yale maboma ya zamani yaliyozungushiwa ukuta wa udongo. Mchezaji alijenga ukuta, akalima wimbi, akachunga ng'ombe, akatuma watu wa mikuki kuwazuia wavamizi. Haukuwa kama bao, ambapo mtu humngoja mwenzake afikiri. Hapa wachezaji wawili walikaa kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya, na saa ilitembea kwa wote kwa pamoja. Ukizubaa kidogo, ng'ombe wako wamekwenda. Zilpah aliutunga mwaka wa tisini na nne, na nusu yake ilikuwa ya babake.

Mzee Hezekiah alikuwa mpiga chapa katika ofisi za mkoa kwa miaka ishirini na sita, mpaka ugonjwa wa macho ulipomnyang'anya mwanga, jicho moja kwanza, kisha la pili. Vidole vyake havikuhitaji macho. Ni yeye aliyemwambia binti yake kwamba kibodi yenyewe ni ramani tayari: safu ya juu ya herufi iwe kilima, ya katikati iwe mashamba, ya chini iwe mto. Ukibonyeza tarakimu umeita kikosi. Ukibonyeza herufi umekionyesha pa kwenda. Zilpah naye akakipa kila kikosi mlio wake. Ng'ombe walilia kwa sauti nzito, watu wa mikuki kwa sauti nyembamba, na ukuta ukipigwa ilisikika milio miwili ya haraka. Basi kila Jumamosi wanafunzi walipopanda ngazi kuja kucheza, walimkuta mzee kipofu amekaa wima mbele ya kioo asichokiona, na mzee huyo aliwashinda. Walimwita Jenerali. Siku hizo alirudi nyumbani Amalemba akihadithia vita mpaka obusuma, ule ugali wa jioni, ukapoa kwenye sahani.

Mwaka wa tisini na nane ikaja kampuni ya Nairobi iliyouzia shule kompyuta, ikataka Lukoba ya pili. Mtu wao, Cornelius, alikuja chuoni mara mbili. Alisema mchezo ni mzuri ila namna ya kuuendesha imepitwa na wakati. Watoto hawataki kukariri herufi. Wanataka kushika kipanya, wachore kisanduku kuwazunguka askari ishirini kwa mpigo mmoja, wabofye pale wanapotaka waende. Wanataka ramani ndogo kwenye pembe ya kioo, na vipicha vya kubofya mtu akitaka kujenga ukuta au ghala.

Zilpah alikubali yote kwa moyo mweupe, kwa sababu yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Mara ya kwanza alipowaona askari ishirini wakigeuka pamoja kwa mbofyo mmoja, wakateremka kilima kama maji, alicheka peke yake darasani. Alijua ametengeneza kitu bora kuliko kile cha kwanza.

Alimweleza babake yote hayo, naye mzee akasikiliza huku akitafuna midomo. Zilpah akamhakikishia kwamba kipanya kitakuja kuongezeka tu, herufi zake zitabaki palepale.

"Wengine wapite barabara mpya," alisema Hezekiah. "Mimi mniachie kijia changu."

"Kitabaki, Baba. Nakuapia."

Lakini kijia hakikukaa vizuri na barabara. Mtu alipobonyeza herufi wakati kisanduku kinachorwa, kompyuta iliganda, ikabidi kuzimwa. Zilpah alihangaika nayo wiki tatu. Nusu ya malipo ilikuwa imeshakuwa mabati mapya juu ya nyumba yao, na siku ya kunakili diski ilikuwa imewekwa. Cornelius alipiga simu kwenye ofisi ya chuo, hakupandisha sauti, akauliza tu ni watu wangapi watakaotumia hizo herufi.

"Wachache," Zilpah alijibu.

Hakusema ni mmoja. Hakusema ni babangu. Aliiweka simu chini, akarudi darasani, na ilipofika saa kumi herufi zote zilikuwa zimekufa.

*

Alikusudia kumwambia jioni ileile. Mzee alimsikia akivua viatu mlangoni, akamuuliza kama vita vinaendelea. Zilpah akajibu kwamba vimekaribia kwisha. Mzee akataka kujua kama ukuta ukipigwa bado ni milio miwili. Akamwambia sasa ni ngoma, ngoma yenyewe hasa, kompyuta mpya zina sauti nzuri. Hezekiah alifurahi. Habari ya herufi hakuiuliza. Mtu haulizi kitu alichoapiwa.

Kesho yake pia hakumwambia, wala keshokutwa. Mchezo ulipotangazwa kuonyeshwa wageni Jumamosi ya katikati ya Agosti, alimwambia tu kwamba siku hiyo ni ya walimu wakuu na maneno marefu, asijisumbue, itamchosha. Mzee akaitikia. Siku ilipofika Zilpah alitoka alfajiri, na moyo wake ulikuwa umetulia kidogo.

Hakumhesabu mkuu wa chuo. Bwana Oliver alimpenda Jenerali kwa sababu alikuwa tangazo zuri, na hakujua lolote kuhusu herufi. Wageni walipokwisha kuketi, naye Cornelius ameshagawa karatasi zake za kuagizia, mlango ukafunguliwa, akaingia Hezekiah ndani ya koti lake la ofisini, ameshikwa mkono na mkewe Maximilla. Bwana Oliver alikuwa amemtumia ujumbe tangu juzi, na wazee wawili walikuwa wameufanya siri ili wamfurahishe binti yao.

Wanafunzi walipiga makofi. Walimketisha kwenye kompyuta ya mbele, wakampa mpinzani, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza aitwaye Beverly. Zilpah alikuwa hatua nne kutoka kwake. Hatua nne hizo angeweza kuzipiga. Angeinama kwenye sikio lake na kusema maneno mawili. Alisimama palepale, ameshika kitabu cha maelekezo kifuani.

Ngoma ikalia. Hezekiah akanyoosha mgongo, akabonyeza tatu, akabonyeza F. Akangoja mlio. Akabonyeza tena, polepole zaidi. Kisha nne na G. Kisha safu yote ya kati, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa mlango wa nyumba yake mwenyewe na kukuta ukuta. Kwenye kioo watu wake wa mikuki walisimama tu. Beverly, asiyejua afanye nini, aliendelea kubofya, na askari wake wa rangi nyekundu wakaingia bomani, wakatoa ng'ombe. Mtu alicheka nyuma, halafu akajifanya anakohoa.

"Mukhana, binti yangu," mzee alisema kwa sauti ya chini, uso wake ukitafuta upande alipo bintiye, "nimekosea wapi?"

Darasa zima lilimgeukia Zilpah. Walimu wakuu, Cornelius na kalamu yake, mamake aliyekaa mwisho wa benchi na mkoba mapajani.

"Umeruka safu, Baba," alisema. "Umechoka tu."

Hezekiah aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka magotini.

"Kweli," alisema. "Nimezeeka."

Cornelius alimgusa begani, akawaambia wageni kwamba huyu ndiye shujaa wa zama zilizopita na sasa tutazame zama mpya. Wakampigia makofi tena. Maximilla akaja kumchukua, wakateremka ngazi, na Zilpah akasikia fimbo ya babake ikigonga kila kidato mpaka chini. Shule tatu ziliagiza mchezo siku hiyo.

*

Kwa kawaida majirani walimletea Hezekiah barua zao, naye aliwapigia kwa taipu yake kuukuu iliyokaa kwenye meza karibu na dirisha. Wengine walimlipa, wengine walimletea ndizi au ingokho, kuku wa kienyeji, wengine walimshukuru tu. Baada ya Jumamosi ile alijaribu kupiga mstari mmoja, akamwita Maximilla ausome. Maximilla alisoma akasema ni sawa. Alikuwa ameishia darasa la nne, na mzee akaamini kwamba ama hakuona makosa ama anamhurumia. Akaifunika taipu kwa kitambaa.

Kutoka hapo alianza kukosa imani na mikono yake yote. Shati alilolifunga mwenyewe miaka yote, sasa alilifunga, akapapasa vifungo kutoka juu hadi chini, akapapasa tena, mwishowe akamwomba mkewe atazame. Asubuhi moja Zilpah alitoka chumbani akamkuta kwenye kigoda uani, kidevu kimeinuliwa, mamake akimnyoa. Hezekiah hakuwahi kunyolewa na mtu, hata mwaka ule macho yalipozima kabisa.

"Nitajikata," alimweleza Zilpah, kama mtu anayeomba radhi. "Vidole vikisahau herufi, wembe vitaukumbuka vipi?"

Zilpah alisema amechelewa kazini. Njiani alijiambia atamweleza Jumapili wakitoka kanisani. Jumapili walikuja wageni. Akasema Jumatano, na Jumatano mzee alikuwa na mafua. Kila siku iliyopita iliongeza uzito wa maneno yenyewe, kwani sasa hangekiri herufi peke yake, angekiri pia siku zote alizomtazama akipapasa vifungo. Kazini alipongezwa. Cornelius alimpelekea barua kwamba Nairobi wameupenda mchezo na wanauliza kuhusu wa tatu. Aliikunja barua hiyo, akaitia kwenye droo chini ya vitabu.

Jioni moja tu, wakila, mzee aliuliza kama Jumamosi bado wanafunzi wanakwenda. Zilpah akajibu wanakwenda. Mzee akasema ni vizuri, vijana wanajifunza haraka.

*

Jumanne moja, siku ya kumi na saba tangu Jumamosi ile, Maximilla alimwomba Zilpah aitoe taipu mezani, apate pa kutandaza nguo za kupiga pasi. Hezekiah alikuwa kwenye kiti chake. Aliulizwa, akasema iwekwe juu ya kabati, haina kazi.

Zilpah aliinua taipu, akakuta chini yake bahasha ya kaki, akaishusha tena taipu pembeni mwa meza ili aitazame bahasha. Juu palikuwa na jina la Jescah, binti wa Ayuma wa Lubao. Ayuma alikuwa binamu yake Hezekiah, na Zilpah alimwita senje, yaani shangazi. Ndani mlikuwa na nakala za vyeti, picha mbili ndogo, na kipande cha gazeti: nafasi za kusomea uuguzi, barua za maombi zipigwe chapa, mwombaji asizidi miaka ishirini na mitano. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa iliyopita. Alitazama cheti cha kuzaliwa. Jescah alikuwa na miaka ishirini na mitano mwaka huo.

"Baba, hii ya Jescah?"

Mzee akaeleza kwamba Ayuma aliileta wiki mbili zilizopita, akiwa anatoka sokoni, akasema hana haraka bora ifike. Yeye mzee hakuweza kumwambia Ayuma kwamba siku hizi hapigi tena. Alimwambia aiache, akidhani vidole vitarudi baada ya siku mbili tatu. Akauliza leo ni tarehe ngapi. Alipoambiwa, midomo yake ilicheza ikihesabu.

"Basi nimemharibia mtoto wa watu," alisema.

Zilpah aliiweka bahasha mezani.

"Vidole vyako ni vizima, Baba."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Niliziondoa zile herufi. Ungebonyeza mpaka kesho, mashine isingekujibu."

Maximilla alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na pasi ya makaa mkononi. Hezekiah alimgeukia bintiye.

"Uliziondoa lini?"

"Siku kumi na moja kabla ya ile Jumamosi."

"Na uliposema nimeruka safu?"

"Hukuwa umeruka."

Nje mtu alipita akiita mteja wa mboga, akaenda zake. Zilpah alianza kueleza habari ya kompyuta kuganda, diski, mabati, simu ya Cornelius, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akizidi kuwa mdogo.

"Kuziondoa, ungeziondoa tu," mzee alisema mwishowe. "Kazi ni yako, na mimi siwezi kuzuia dunia isiende. Lakini uliniona nikipotea, ukanyamaza."

Zilpah alisema atamtengenezea diski nyingine, yake peke yake, yenye herufi zote kama zamani. Angeweza kuimaliza kwa wiki moja.

"Nitacheza na nani?" babake aliuliza.

Mzee akanyoosha mkono, akaipata taipu, akaomba karatasi. Aliitia, akaikaza, akaanza kupiga. Alipiga jina kamili la Jescah, anwani ya senje Ayuma, na tarehe ya Ijumaa iliyopita, halafu maneno yote ya kuomba nafasi kama alivyoyajua kutokana na barua mia za namna hiyo. Mlio wa taipu ulijaa nyumba. Alipomaliza aliivuta karatasi, akamnyooshea bintiye. Zilpah aliipitia mstari kwa mstari. Hapakuwa na kosa hata moja.

*

Asubuhi yake Zilpah aliomba ruhusa kazini, akaipeleka bahasha mwenyewe kwenye shule ya wauguzi. Karani alikuwa mwanamke mpole. Alimwonyesha orodha ya walioitwa kwa mahojiano, imeshabandikwa ubaoni tangu Jumatatu, na ile ya wengine sitini waliotuma kwa wakati na hawakuitwa. Alisema mwombaji ajaribu mwakani. Halafu akaangalia cheti cha kuzaliwa, akakirudisha ndani ya bahasha, akasema pole.

Mchana walikwenda Lubao, yeye na babake. Maximilla alitaka kumwongoza mumewe, lakini mzee alisema hii ni safari ya wawili. Kwenye njia ya kutoka barabarani hakumshika Zilpah mkono kama siku zote. Alishika ncha ya sweta yake kwa vidole viwili, akamfuata hivyo.

Ayuma alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba akichambua maharagwe. Aliwakaribisha, akaweka chai, akatia sukari nyingi kama inavyofanywa kwa mgeni aliyetoka mbali. Hakuuliza walichokuja kufanya. Alisema Jescah amekuwa mtu wa kuimba siku hizi, tangu bahasha iende. Zilpah aliweka kikombe chini.

Hezekiah ndiye aliyeanza. Alisema barua hakuipiga, alikuwa na aibu kusema ameshindwa, na siku imepita. Alitaka ibaki hapo, lakini Zilpah alimkatiza, akasimulia mwenyewe: mchezo, herufi, Jumamosi, uongo mbele ya watu, siku kumi na saba. Katika kuisimulia aliona jinsi habari ilivyo ndogo. Mchezo wa watoto. Ayuma hakuwahi kuiona kompyuta, na alisikiliza akijaribu kuelewa jinsi kitu cha kuchezea kilivyomnyima binti yake kazi. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Hezekiah," alisema kwanza, "wewe ungeniambia huwezi. Ningeenda kwa mwingine. Kati yangu na wewe kuna aibu gani?"

"Ni kweli," mzee alisema. "Hilo ni langu."

Kisha Ayuma akamtazama Zilpah. Hakumtukana. Pengine angemtukana ingekuwa nafuu.

"Na mwakani?"

"Wamesema umri, senje."

Ayuma aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. "Jescah yuko kule chini, kwenye mahindi. Nenda umwambie wewe. Mimi siwezi kumpelekea maneno hayo."

Zilpah alimwangalia babake, lakini mzee alikuwa amegeuza uso upande wa bonde, amekaa kama mtu anayengoja kusikia. Akainuka. Viatu vyake vya mjini vilizama kwenye udongo uliolimwa, akavivua, akavishika mkononi pamoja na bahasha. Mabua yalikuwa yamekauka, na yalimkwaruza mikono alipopita. Alisikia kuimba kabla hajamwona mwimbaji.

Jescah alikuwa akivunja mahindi na kuyatupa kwenye gunia. Alipogeuka akamwona Zilpah, aliacha wimbo. Aliiona bahasha. Alijifuta mikono haraka kwenye leso, upande huu na upande huu, asije akaichafua, akaanza kuja kumlaki kati ya mistari ya mahindi, anatabasamu uso mzima.

"Dada Zilpah," alisema, "umeniletea majibu?"